Mikro mbili

Mita iliandika 1.

Si 1 ya katikati. Ni ile 1 ya pembeni kabisa kushoto, inayosimama peke yake kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Mwenye kutumia mita hizi za bei nafuu za kupimia nyaya anaijua: njia imekatika, hakuna kinachopita. Nikafuta ncha kwa shati, nikagusisha tena, nyekundu kwa waya mweupe, nyeusi kwa waya mweusi. 1. Nikahamia mikro ya pili, iliyo karibu na shingo ya gitaa. 7.4, yaani kiloomu saba na ushei, afya tele. Nikarudi kwa ya kwanza.

1.

Ilikuwa saa nne usiku, mvua inapiga mabati, na gitaa la besi la kanisa limelala kwenye meza yetu ya kulia, tumbo wazi. Mke wangu akauliza kutoka chumbani kama nimeupata ugonjwa wake.

Nikasema bado.

Nilikuwa nimeshaupata. Nilichokuwa nikitafuta muda ule ni hesabu nyingine: zimepita posho ngapi tangu Jumapili ile? (Huku kwetu wiki inaitwa posho, tangu enzi za mgao wa chakula wa kila wiki migodini.) Nikahesabu kwa vidole. Sita.

## "Besi, amka!"

Kwanza tuelewane juu ya neno. Hapa Lubumbashi kile kijisanduku kilicho chini ya nyuzi za gitaa la umeme, kinachosikia nyuzi zikitikisika na kupeleka habari kwenye ampli, tunakiita mikro, kama Wafaransa. Wenzetu wa Nairobi na Dar wanakiita pikapu, na kwangu mimi pikapu ni gari la kubeba magunia ya mahindi. Kwa hiyo mnivumilie: humu kuna mikro za gitaa, na kuna mikro ya kuimbia. Aibu yangu inatoka kwa hiyo ya kuimbia.

Mimi ndiye ninayeongoza wapigaji kanisani kwetu. Napiga solo. Besi ile ile niliipiga mwenyewe kwa miaka, kisha nikamkabidhi kijana mmoja wa Katuba ambaye masikio yake yalinizidi tangu siku ya kwanza, na vidole vikanizidi mwaka uliofuata.

Jumapili hiyo tulikuwa wimbo wa tatu, tumeshaingia sebene, ile sehemu ya kucheza. Mnajua kazi ya besi kwenye sebene. Haikai nyuma kusindikiza wengine. Inaruka, inaacha shimo, inarudi, na miguu ya wanaocheza inaingojea irudi. Basi ikaruka, haikurudi. Ikawa kama inapigwa nyumba ya jirani, dirisha limefungwa.

Nikageuka kumtazama. Na hapa ndipo paliponikosesha usingizi, kwa hiyo niandike taratibu: nilimwona vidole vyake vinatembea. Niliviona kwa macho yangu. Vilikuwa vinapiga kila noti mahali pake.

Bado nikainama kwenye mikro nikasema, "Besi, amka! Hatuko kitandani."

Kanisa zima likacheka. Mchungaji akacheka. Mimi nikacheka.

Yeye hakuinua kichwa. Akazungusha kitufe kimoja cha sauti, akazungusha cha pili, akavirudisha vyote vilipokuwa, akaendelea kupiga ule upepo mpaka wimbo ukaisha.

## Alikuwa ameniambia

Posho mbili kabla ya hapo alinifuata baada ya mazoezi. "Yaya (yaani kaka mkubwa), hii besi iko nakufa mbele ya mikono yangu."

Nikaichukua, nikaipiga, ikaimba vizuri kabisa. Nikamwambia: "Besi haifi, mdogo wangu. Vidole ndivyo vinavyokufa."

Niliipenda hiyo sentensi. Niliirudia kwa mpiga ngoma. Niliirudia nyumbani wakati wa bukari, ugali wetu. Mtu akishapata sentensi nzuri ya namna hiyo hatafuti tena bisibisi.

Leo najua kwa nini ilinidanganya. Mazoezi yetu ni Alhamisi jioni, hewa imepoa. Ibada ni Jumapili, na ikifika saa tano jua limeshapasha mabati, watu mia kadhaa wanapumua chini yake, na gitaa lenyewe limepata joto la mwili wa mpigaji. Waya uliopasuka ndani ya mikro unagusana kukiwa baridi. Joto likija, kila kitu kinatanuka kidogo na ncha zinaachana. Alhamisi inaimba, Jumapili inakufa. Ukitaka kutengeneza ushahidi wa kumfanya kijana aonekane mwongo, hutapata mtambo bora kuliko huo.

Baada ya "amka" alikuja Jumapili mbili nyingine. Ya tatu akatuma ujumbe kwamba amepata kazi, anachajisha watu simu, hatapata nafasi. Nikaandika "Mungu akubariki" nikaweka simu mfukoni. Siku hiyo besi nikaishika mimi mwenyewe.

Wimbo wa pili, saa tano na robo, ikafa mikononi mwangu.

Nikazungusha kitufe kimoja, nikazungusha cha pili, nikavirudisha vilipokuwa.

## Kijani

Besi za mtindo huu, zenye mikro mbili, zilianza kwa kampuni ya Fender huko Marekani mwaka 1960 kwa jina la Jazz Bass. Yetu ni nakala ya nakala, na jina la aliyeitengeneza limeshafutika kichwani mwake. Ila umbo ni lile lile: mikro moja karibu na shingo kwa sauti nene, nyingine karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa mwilini, kwa sauti yenye meno, kila moja na kitufe chake cha sauti, na kitufe cha tatu cha kupunguza ukali. Iliyokufa ni ya daraja, ile anayoitegemea mtu wa sebene.

Nikaivua kifuniko.

Ndani kuna vipande viwili vyeusi vya faiba, juu na chini, vimeshikanishwa na vijiti nane vya sumaku, viwili kwa kila uzi. Kuzunguka vijiti hivyo kuna waya wa shaba mwembamba kama unywele, unene wake kama milimita 0.06, umezungushwa maelfu ya mara. Ukiunyoosha wote unapita kilomita moja. Kilomita, kwenye kitu kinachotosha kiganjani.

Mimi ni mtoto wa mji huu. Shaba ya kwanza ilimiminwa hapa mwaka 1911, na tangu hapo bomba lile la moshi na mlima ule mweusi wa takataka za tanuru ndivyo vinavyomwambia mgeni kwamba amefika. Baba yangu alifanya kazi ya migodi maisha yake yote, na aliweza kuokota jiwe njiani, kulipaka mate kwa kidole, na kukuonyesha rangi ya kijani ikitokeza: "Humu kuna shaba." Zile sumaku nazo, huziita alniko, zina alumini, nikeli na kobalti. Kobalti! Malori yanayopanga foleni Kasumbalesa, mpakani na Zambia, yamebeba vitu hivyo viwili, shaba na kobalti, na mimi nimekaa Lubumbashi nikisubiri mtu aniletee gramu chache za hivyo vitu kutoka ng'ambo. Shaba haina kadi ya uchaguzi, tunayotumia kama kitambulisho, ya kuonyesha imetoka wapi. Nilicheka peke yangu, lakini si sana.

Kisha nikaiona. Pembeni, pale waya mwembamba unapoanza safari yake, palikuwa na doa la kijani dogo kuliko kichwa cha sindano.

Kijani kile kile cha baba. Shaba ikipata unyevu na chumvi inarudi kwenye rangi yake ya jiwe. Na chumvi ilitoka wapi? Jasho. Mpigaji wa besi anaweka kidole gumba juu ya mikro, mkono unatoka jasho, jasho linashuka.

Nikataka kusema jasho la kijana. Nikajizuia. Yeye ana miaka miwili na hiyo besi. Mimi nina kumi na moja, na mazoea yangu ya kuweka kidole gumba yako pale pale, juu ya pembe hiyo hiyo. Rangi ya kifuniko imelika kwa umbo la kidole kipana kuliko chake. Kilichokuwa kinamfia kijana kila Jumapili, nilianza kukiua mimi.

Nilijaribu kuiponya. Waya ukikatika upande wa nje unafungua mzunguko mmoja, unakwangua ile rangi inayoufunika, unaulehemu upya, mikro inafufuka. Nikafanya hivyo kwa ncha ya nje, nikapima. 1. Doa lilikuwa kwenye ncha ya ndani, chini ya mizunguko yote. Huwezi kuifikia bila kufungua kilomita nzima.

## Milimita tatu

Shemeji yangu huenda Johannesburg kununua nguo za kuuza, basi kupitia Zambia. Nikampa dola 45 na picha kwenye simu. Alirudi baada ya posho tatu, mzigo wake umelowa mvua ila mikro iko kavu ndani ya kisanduku chake, mpya, inang'aa, nikaibusu mbele za watoto.

Haikuingia.

Kwa zile za asili, mikro ya daraja ni ndefu kidogo kuliko ya shingo, kama milimita tatu. Aliyetengeneza nakala yetu aliona huo ni usumbufu, akachonga mashimo mawili sawasawa. Kwa hiyo nimekaa na mikro ya kweli na shimo la uongo, na katikati yao mbao.

Nilikaa siku nne bila kugusa patasi. Waya nilioukata nitauunga tena, na lehemu nitaiyeyusha nikitaka. Mbao nikishaichonga haitarejea. Na gitaa si langu, ni la kanisa. Lilinunuliwa kwa michango, na kuna mama mmoja mzee anayelikumbuka kila akiona linabebwa kwa shingo ("ulishike vizuri, mwanangu, niliuza kuku wangu kwa hilo").

Siku ya tano nikachonga. Milimita moja na nusu kila upande, unga wa mbao ukinipanda puani. Mbao ya ndani ilikuwa nyeupe, nyepesi, yenye tabaka. Hata si ile niliyodhani miaka yote kwamba ninaipiga.

## Moto wa mbabula

Kuunga waya kwenyewe hakuna maajabu, na aliyewahi kufungua redio ataniona ninajikuza bure. Kabla ya kuyeyusha chochote nilipiga picha kila pembe. Waya mweupe wa mikro unakwenda mguu wa katikati wa kile kifaa kilicho chini ya kitufe cha sauti, si mguu wa pembeni. Ukiuweka pembeni, kufunga kitufe kimoja kunanyamazisha mikro zote mbili. Waya mweusi unakwenda masi, yaani mgongoni mwa kifaa chenyewe, kwenye bati.

Ni mgongo huo ulionishinda. Chuma changu cha kulehemu ni cha wati 30. Kwenye mguu mwembamba kinafanya kazi vizuri, lakini mgongo wa bati unakunywa joto lote, lehemu inakaa juu kama tone la nta na haishiki. Nikiwa nimekibana kwa dakika nzima, meno nimeyauma, umeme ukakatika.

Unaujua ule ukimya, msomaji. Friji inanyamaza, jirani anasema "aaah". Chuma kikapoa mkononi mwangu, na waya mweusi ukang'oka kwa kuguswa tu.

Asubuhi umeme haujarudi. Nikabeba besi begani mpaka soko la Kenya (Kenya ya kwetu, mtaa wa Lubumbashi, msinitumie ujumbe), kwa mzee anayetengeneza mbabula, yaani majiko ya makaa, na ndoo za kumwagilia. Chombo chake cha kulehemu ni kipande cha shaba kikubwa kama kiberiti kwenye mpini wa chuma, kinalazwa ndani ya makala ya moto. Makala ya mbabula, si haya unayosoma.

Alitazama tumbo la besi, akatazama chuma changu cha wati 30, akasema, "Nyinyi watu wa umeme mnaogopa moto, Papa."

Akakipepea. Hakuwa na mita wala saa. Alikuwa anatazama rangi: moto unaozunguka shaba ulipopata ukingo wa kijani, akakitoa. Akanyoosha mkono kuchukua chupa yake ya tindikali, nikamshika kiwiko. Tindikali ni nzuri kwa ndoo. Ndani ya gitaa itakula nyaya kabla ya mwaka kwisha. Nikampa lehemu yangu yenye utomvu ndani. Akainusa, akaidharau, akaitumia.

Kugusa mara moja, labda sekunde mbili. Lehemu ikatandaa mgongoni mwa kifaa kama mafuta kwenye kikaango, iking'aa, ikashika waya, ikatulia.

Kijani kilekile, nikawaza, ila hiki cha motoni. Mzee akaomba franga za soda.

## Zikiwa mbili

Umeme ulirudi saa mbili usiku. Nikachomeka ampli. Kabla ya kufunga nyuzi nikagonga sumaku kwa bisibisi: tok, tok, tok. Iko hai! Nikafunga nyuzi, nikafungua mikro mpya peke yake. Meno yote yako mahali pake. Nikaifunga, nikafungua ya shingo peke yake. Nene, kama zamani.

Nikafungua zote mbili.

Besi ikatoweka.

Haikunyamaza, ingenyamaza ningejua la kufanya. Ilibaki sauti nyembamba ya puani, kama mtu anayeongea kwenye simu amebana pua, na chini yake hakuna kitu. Ukipunguza mojawapo kidogo, sauti inarudi. Ukizifungua zote kwa nguvu sawa, zinamalizana.

Nilikaa chini sakafuni. Mawazo ya kwanza yalikuwa ya kipuuzi: nimechonga sana, mbao imeharibika. La pili lilikuwa la kuudhi: kijana angekuwepo, angejua.

Waliowahi kufunga spika za harusi wanajua tayari. Spika moja ukiigeuza chanya na hasi, hii inasukuma hewa mbele wakati ile inaivuta nyuma, na besi inapotea hewani huku spika zote mbili ni nzima. Mikro ni hivyo hivyo. Uzi mmoja unatikisika juu ya zote mbili. Hii inasema juu, ile inasema chini, na kwa kuwa zinatoka kwenye njia moja, jumla yake karibu ni sifuri.

Dawa ni kubadilishana nyaya za mikro mpya: mweupe uende masi, mweusi uende mguu wa katikati. Dakika tano, safari hii kwa chuma changu, kwa sababu mgongo ulikuwa umeshalainishwa na mzee. Nikafungua zote mbili.

Sauti ikajaa nyumba. Vikombe vikatetemeka kabatini. Mtoto wangu wa mwisho akaja kusimama mlangoni na nepi yake.

Nikaweka kiganja juu ya nyuzi kuzinyamazisha, na hapo nikasikia kitu ambacho besi hiyo haikuwa nacho.

Mmmmmmmm.

## Kimya au sauti

Mvumo wa umeme. Kila mikro ya namna hii, ikiwa peke yake, inausikia, kwa sababu koili ya waya haichagui: inasikia uzi, inasikia na taa ya nyumba. Ndiyo maana kwenye besi ya mikro mbili kuna ujanja mzuri sana. Moja inazungushwa kwa upande wa kinyume, na sumaku zake zinageuzwa pia. Kwa sauti ya uzi, kinyume mara kinyume inarudi kuwa sawa, zinasaidiana. Mvumo haujali sumaku, unajali mzunguko tu, kwa hiyo unabaki kinyume na unajifuta. Fungua zote mbili, upate sauti nzima na kimya kamili.

Nikang'oa sumaku ndogo kwenye spika ya simu iliyokufa, nikaipitisha juu ya mikro ya shingo. Ikavutwa. Nikaipitisha juu ya ile mpya. Ikavutwa pia. Moja ilipaswa kuisukuma. Sumaku za mikro zangu mbili zimetazama upande mmoja.

Maana yake ni hii, na niliizungusha kichwani usiku mzima. Nikizifunga nyaya kama nilivyofanya mara ya kwanza, napata kimya, lakini besi haipo. Nikizigeuza, besi ipo, na mvumo upo. Vyote viwili pamoja sivipati mpaka sumaku zigeuzwe, na kuzigeuza kunataka sumaku nyingine zenye nguvu kubwa kuliko zozote nilizo nazo. Kuzisukuma zitoke ni kuua koili, maana waya umelala moja kwa moja juu yake.

Kwa siku mbili nilikuwa upande wa kimya. Nilijiambia kanisa halivumilii mvumo wakati wa maombi. Ni hoja nzuri. Nilikuwa na hoja nzuri pia nilipoiambia besi iamke.

Kuna mpiga gitaa wa Katanga ambaye kila mwenye nyuzi huku ana deni kwake, Mwenda Jean-Bosco. Alirekodiwa mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, na Mwingereza aliyekuwa akizunguka na mashine yake. Gitaa kavu, halina mikro hata moja tumboni. Mikro ilikuwa mbele yake, na mtu nyuma ya mikro alikuja kusikiliza. Nilimfikiria sana huyo mtu wa nyuma ya mikro. Kazi yake yote siku hiyo ilikuwa kunyamaza.

Nikaiacha besi ivume.

## Benchi ya tatu

Nilimkuta Katuba kwenye kibanda chake, simu kumi na tano zimening'inia kwenye nyaya. Nilikuwa na besi begani na mikro iliyokufa mfukoni. Nilimweleza yote, la Alhamisi na Jumapili, 1 ya pembeni, doa la kijani, kidole gumba changu. Alisikiliza huku akirudisha watu simu zao na kuhesabu franga.

Nikamwambia nimeamua. Jumapili nitasimama mbele ya watu wote, kwenye mikro, niseme nilikosea. Nilisema vibaya hadharani, nitarudisha hadharani. Niliona ni haki kabisa. Nilikuwa nimeshaipanga mpaka sentensi.

"Yaya, hapana," akasema. "Ile mikro uiache."

Akachomeka simu ya mtu. Halafu, bila kunitazama:

"Mama alikuwa benchi ya tatu."

Posho kumi nilikuwa nimemwona kijana, nimejiona mimi, nimeona kanisa likicheka. Benchi ya tatu sikuiona hata mara moja.

Mama yake alikuwa nyuma ya nyumba, anakaanga mandazi. Nikakaa kwenye kigoda, chini kuliko yeye, nikaanza upya, na safari hii nikaanzia kwenye ile sentensi yangu nzuri ya vidole. Hakunisaidia kwa kusema "si kitu". Aliposikia habari ya waya akanyoosha mkono, nikampa mikro. Akaigeuza, akapata ncha niliyoifungua, akaivuta. Ikatoka. Akavuta tena, ikaendelea kutoka, nyembamba, nyekundu, iking'aa juani, mpaka ikajaa mapajani mwake juu ya kitenge.

"Ni hii iliyosema mwanangu amelala?"

"Hapana, Mama. Ni mimi."

Akatazama waya, akanitazama mimi.

"Aya," akasema, akarudi kwenye mafuta yake. Baadaye kidogo akanisogezea mandazi mawili kwenye karatasi. Nikala.

## Sol

Alhamisi alikuja kwenye mazoezi kana kwamba alikuwa likizo. Hakuna aliyesema neno. Akafungua vitufe vyote viwili mpaka mwisho, akaweka kiganja juu ya nyuzi, akasikia mvumo. Nikaanza kueleza habari za sumaku. Akainua kidole ninyamaze.

Akageuka na besi polepole, kama mtu anayetafuta redio, mpaka akaipa kisogo taa ndefu ya ukutani. Mvumo ukapungua nusu. Kisha akashuka kwenye uzi mzito, akagusa Fa, akagusa Fa diezi, akagusa Sol (F, F# na G kwa wenzetu), akabaki hapo. Akauvuta uzi pembeni kidogo sana.

"Iko Sol," akasema. "Sol na kidogo."

Ni kweli. Umeme wetu ni wa mitikisiko 50 kwa sekunde, na Sol ya chini ya besi ni 49. Miaka yote naongoza watu muziki chini ya zile taa, sikuwahi kuuliza zinaimba noti gani. Alipopiga Sol, mvumo ukaingia ndani yake ukapotea. Alipoachia, ukabaki ukishikilia noti kwa niaba yake.

Wimbo wa kufungulia ibada tumeupiga Fa tangu nianze kuongoza. Akamgeukia mpiga kinanda: "Leo tupandishe."

Tukapandisha. Katikati ya wimbo umeme ukakatika, tukangoja jenereta, na ilipowashwa ikiwa imelemewa, mvumo ulirudi chini zaidi, ukiyumba kama mlevi. Akasikiliza, akatafuta kwa kidole, akacheka, mara ya kwanza nimsikie tangu Jumapili ile. "Sasa iko Fa diezi."

Mama za sauti ya kwanza wamelalamika kwangu mara mbili kwamba Sol ni juu mno, inawachana koo. Nimewaambia waende wakaongee na mtu wa besi.